Nyaya Zilizozikwa Bustanini: Jembe, Umeme na Uhai wa Mkulima wa Matai

Mwambie mtu ajihadhari na umeme, naye atainua macho. Atatazama nguzo, transfoma, na waya unaopita karibu na matawi ya mkaratusi. Si kosa kutazama huko, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa vijijini husafiri juu ya nguzo. Lakini safari inapokaribia mwisho, kati ya nguzo ya mwisho na nyumba, au kati ya nyumba kubwa na jiko la nje, banda la kuku, pampu ya kisima na taa ya ulinzi ya getini, mara nyingi umeme hushuka na kuzikwa udongoni. Huko ndiko unakokutana na jembe, na somo hili linahusu makutano hayo.

Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iko kwenye barabara ya kilomita 112 itokayo Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukipata umeme kutoka nchi jirani ya Zambia kwa njia ya Mbala, pamoja na majenereta ya mafuta ya mjini Sumbawanga. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo katika vijiji vya nchi yetu ambavyo kizazi kilichotangulia kilivijua kwa mwanga wa kibatari. Kwa maoni yangu, waya umefika haraka kuliko maarifa yanayopaswa kuuandamana. Mwenye nyumba akishapata mita ya LUKU, humwita kijana anayejua kufunga taa ili ampelekee umeme jikoni na bandani. Kijana hununua waya bapa uliotengenezwa kwa ajili ya kupita ndani ya ukuta, akachimba mtaro wa kina cha shubiri moja, akaulaza, akafukia. Miaka mitatu baadaye majani yameota, kijana amehamia mji mwingine, na hakuna anayekumbuka mtaro ulipita wapi.

Ardhi ya Ufipa na kina cha jembe

Wafipa ni wakulima wa zamani na wenye maarifa yao. Kilimo cha matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, ambamo nyasi hufunikwa kwa udongo ili zioze na kuwa mbolea, kimeandikwa na wataalamu wengi kama mojawapo ya mbinu bora za kurutubisha ardhi ya nyanda za juu pasipo mbolea ya dukani. Lakini tazama namna tuta linavyojengwa: mkulima haparui juu juu tu, hukata udongo na nyasi pande zote na kuvirundika katikati. Waya uliolazwa kwa kina cha shubiri moja hauna pa kujificha katika kilimo cha namna hiyo. Hata kama jembe halikuufikia msimu wa kwanza, udongo uliokuwa juu yake umeondolewa, na msimu unaofuata waya uko karibu zaidi na makali.

Kuna pia mashimo ya miti. Shimo la mparachichi au la mgomba, kwa ushauri wa kawaida wa mabwana shamba, huwa na kina cha sentimita 60 na upana kama huo. Kebo iliyozikwa vizuri, kwa kiwango kinachokubalika na mafundi wengi, hulazwa pia kwa kina cha takriban sentimita 60. Kwa hiyo hata kazi ya fundi mwaminifu haitoshi kumlinda mchimbaji asiyeuliza. Sentimita 60 humkinga mpanda mchicha, hazimkingi mpanda mti, mchimba choo, wala anayesimamisha nguzo za uzio.

Zana nazo hazilingani kwa hatari. Jembe na sururu vina mpini wa mti, na mti mkavu hupitisha umeme kidogo sana. Mpini ulioloa mvua na jasho ni jambo jingine, lakini angalau kuna kizuizi. Mtaimbo ni chuma kuanzia ncha hadi mikononi. Anayeudidimiza mtaimbo ardhini kwa nguvu zake zote, akiwa ameushika kwa viganja viwili na miguu i peku kwenye tope, amejiunganisha mwenyewe na chochote kitakachoguswa na ncha ile. Ningeombwa kutoa onyo moja tu kwa wachimbaji wa mashimo ya uzio, lingekuwa hilo: mahali ambapo hujui kilichozikwa, weka mtaimbo kando, tumia beleshi lenye mpini wa mti mkavu, na uondoe udongo kidogo kidogo.

Yapo mataifa yaliyoweka utaratibu rasmi. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, kila anayetaka kuchimba hupiga namba moja, 811, nao wenye mabomba na nyaya hufika kuweka alama za rangi juu ya ardhi. Mkulima wa Matai hana huduma ya namna hiyo mkononi, lakini ana macho na ana majirani. Mita iko wapi? Jiko la nje lina taa? Umeme wa taa hiyo umepita juu au chini? Kama hakuna waya unaoonekana hewani kati ya majengo mawili na yote mawili yana mwanga, basi upo chini, na mara nyingi umepita njia fupi kuliko zote baina ya kuta hizo mbili. Bomba la plastiki linalochomoza kwenye msingi wa nyumba na kuingia ardhini ni ushahidi mwingine. Mchanga laini wa rangi tofauti unaojitokeza katikati ya udongo mwekundu, tofali zilizopangwa mstari chini ya ardhi, au utepe wa plastiki wa rangi ya kuvutia macho, ni salamu za fundi aliyefanya kazi yake vema. Ukizikuta, simamisha kazi.

Kwa nini umeme haukukatika wenyewe

Wengi huamini kwamba waya ukikatwa, umeme huzimika. Imani hii imewaponza watu, nayo yafaa ichunguzwe kwa hesabu ndogo.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Swichi ya kukata umeme iliyo karibu na mita, au fyuzi, imewekwa ili kuzuia nyaya zisiungue kwa mzigo mkubwa. Tuseme ni ya ampia 32. Jembe likikata waya wenye umeme na waya wa kurudishia kwa pamoja, chuma huziunganisha, mamia ya ampia hupita kwa kufumba na kufumbua, hutokea mlipuko wa mwanga, na swichi hukata. Mkulima hushtuka, pengine huungua uso, lakini waya umekufa.

Sasa tuseme jembe limekwaruza gamba la waya wenye umeme peke yake, shaba au aluminiamu ikagusana na udongo wenye unyevu. Umeme hurudi kwenye transfoma kwa kupitia ardhini, na ardhi ni njia yenye ukinzani. Ukinzani huo ukiwa omu 20, gawa volti 230 kwa 20: unapata ampia 11.5. Swichi ya ampia 32 haioni sababu ya kukata. Taa zinaendelea kuwaka, redio inaendelea kuimba, mita ya LUKU inakula uniti kuliko kawaida, na kipande kile cha bustani kina umeme usiku na mchana. Mvua ikinyesha eneo la hatari hupanuka. Ng'ombe na mbuzi huwa wa kwanza kudhurika, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali na moyo uko katikati ya njia ya umeme. Mnyama anayekataa ghafla kukanyaga mahali alipozoea kupita asipigwe fimbo. Mahali hapo pachunguzwe.

Kipo kifaa kinachoona mvujo huo mdogo. Kikiwekwa ndani ya nyumba hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30, yaani sehemu 30 kati ya 1,000 za ampia moja, hukata kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Mafundi wenye leseni ya EWURA wanakifahamu. Bei yake ni kubwa kidogo kuliko ya swichi ya kawaida, nami sioni matumizi bora zaidi ya fedha hiyo katika nyumba iliyopeleka umeme nje kwa njia ya ardhi.

Kwa nini miliampia 30? Kwa sababu mwili huanza kuhisi umeme wa majumbani kwa takriban miliampia 1. Zikifika kama 10, misuli ya mkono hukaza na aliyeshika hawezi kuachia. Hapo ndipo watu husema umeme umemvuta, ingawa kwa kweli ni misuli yake mwenyewe iliyofumba. Zikizidi 50 na kupita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka ovyo, bila kusukuma damu. Taa ndogo ya wati 15 hutumia takriban miliampia 65. Kinachoua mtu, basi, hakitoshi hata kuangaza sebule vizuri.

Ngozi ndiyo ngao yetu. Kiganja kikavu cha mkulima, kilichota sugu kwa miaka, kina ukinzani mkubwa. Kikiloa jasho na tope, ukinzani wa mwili mzima waweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Na 230 ukigawa kwa 1,000 unapata miliampia 230. Hesabu hii inaeleza kwa nini mtu yuleyule aliyewahi kuguswa na umeme wakati wa kiangazi akacheka, anaweza kufa kwa waya uleule mwezi wa Januari.

Upo pia uharibifu usioonekana siku ile. Gamba likichubuka kidogo bila kukatika, maji huingia taratibu, aluminiamu huliwa na kutu yake nyeupe, na hitilafu hujitokeza miezi kadhaa baadaye, wakati mwingine kwa mtoto anayecheza bomba la maji likiwa limeloa. Kufunga jeraha hilo kwa solotepu na kulifukia tena ni kuahirisha msiba. Maungio ya chini ya ardhi yanahitaji kisanduku maalumu kinachojazwa dawa ya kugandisha ili maji yasipenye, au waya wote ubadilishwe. Mchimbaji aliyekwaruza waya na kuona aibu kusema amemwachia mwenzake mtego; na mwenye nyumba anayemkata kijana ujira kwa sababu amesema ukweli ndiye anayefundisha watu kunyamaza.

Dakika za kwanza

Mtu akianguka bustanini akiwa ameshika chuma, ashukiwe umeme hadi ithibitike vinginevyo. Asiguswe. Anayemkimbilia kwa huruma na kumshika mkono huwa wa pili kuanguka. Kwanza zima umeme. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: swichi kuu ya ndani ya nyumba huzima tu nyaya zinazotoka kwake kwenda mbele. Ikiwa waya ulioumizwa ni ule unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye mita, swichi hiyo haiuzimi. Ni TANESCO pekee wanaoweza kuukata huko nguzoni. Vilevile, nyumba yenye jenereta au betri za sola inaweza kuendelea kulisha waya baada ya umeme wa TANESCO kuzimwa. Kwa hiyo zima vyote, na bado uutendee waya kana kwamba uko hai.

Kama haiwezekani kuzima, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama ubao au ndoo ya plastiki iliyofudikizwa, kisha usukume chuma au waya mbali naye kwa mti mkavu mrefu. Njia hii ni kwa umeme wa nyumbani pekee. Waya mkubwa wa nguzo ukianguka chini, hakuna mti ulio mkavu vya kutosha. Watu wakae mbali hatua zisizopungua ishirini na wapige simu. Zimamoto na uokoaji hupatikana kwa namba 114. Ukihisi miguu inachonyota ukiwa unakaribia, usipige hatua ndefu: burura nyayo zako zikiwa zimekaribiana, urudi ulikotoka.

Akishatenganishwa na umeme, mwili wake hauna umeme uliobaki na ni salama kuugusa. Mwite, mtikise bega, tazama kifua. Kama haitiki na hapumui kama kawaida (kukoroma kwa nadra kama mtu anayevuta pumzi za mwisho si kupumua), anza kukandamiza kifua mara moja. Weka mikono miwili katikati ya kifua, didimiza sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kikamilifu kila mara. Aliyefundishwa kupuliza pumzi afanye mbili kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefundishwa aendelee kukandamiza tu. Watu wapokezane kila dakika mbili, maana kazi hii inachosha kuliko kulima.

Huenda msomaji akastaajabu kujua kwamba mbinu hii imetoka kwa umeme wenyewe. William Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore. Makampuni ya umeme ya Marekani, yakisumbuliwa na vifo vya mafundi wao wa nguzo, yaligharimia utafiti wake kuhusu moyo uliopigwa na umeme. Mwaka 1958 mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, akimfanyia mbwa majaribio, aliona kwamba uzito wa vibao vya mashine vilivyobanwa kifuani ulipandisha shinikizo la damu hata kabla mashine haijawashwa. Wakiwa pamoja na daktari wa upasuaji James Jude, walichapisha matokeo mwaka 1960. Mpaka wakati huo, njia iliyozoeleka ya kusukuma moyo uliosimama ilikuwa kupasua kifua na kuukamua kwa mkono. Tangu hapo mikono miwili ya mtu yeyote, mahali popote, hata pembezoni mwa tuta la maharage, imekuwa kifaa cha tiba.

Mambo mengine yaachwe. Kumfukia mgonjwa mchanga ili ardhi inyonye umeme, desturi inayosikika katika nchi mbalimbali, hunyonya dakika zake tu na kubana kifua. Maziwa au maji ya kunywa kwa mtu asiye na fahamu huingia mapafuni. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, baada ya hatari ya umeme kuondoka, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, majivu na mafuta havina nafasi hapo.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi wa Ufipa hawezi kulikwepa. Sumbawanga ina jina nchini kote kwa hadithi za radi na uchawi, na wenyeji wamechoka kuchekwa kwa hilo. Hata hivyo, mtu akianguka ghafla shambani mchana kweupe, hakuna waya unaoonekana, hakuna wingu, wapo watakaosema ametupiwa kitu. Sina nia ya kubishana na imani ya mtu msibani. Naomba jambo moja: kifua kikandamizwe kwanza, maswali mengine yafuate. Na mwenye kuhoji aulize pia swali la pili, "Alikuwa anachimba nini, na kwa chombo gani?" Shimo lile lifunikwe na kulindwa mpaka fundi alipime, kwa sababu kama ni waya, utamngoja ndugu atakayekuja kuokota jembe la marehemu.

Kwa mhudumu wa afya

Wagonjwa wa ajali hii ni wa aina mbili, na kuwachanganya huleta madhara. Wa kwanza ameunguzwa na mwako: jembe lililipua mwanga, uso na mikono vimebabuka, nyusi zimeteketea, lakini umeme haukupita mwilini. Huyu hutibiwa kama mgonjwa wa moto, macho yake yakichunguzwa kwa makini. Wa pili amepitiwa na umeme. Yeye huweza kuwa na alama ndogo tu kiganjani, ya kijivu, kavu, iliyobonyea, na nyingine unyayoni, huku misuli iliyo kati ya alama hizo imeharibika. Kukadiria jeraha lake kwa ukubwa wa ngozi iliyoungua ni kujidanganya.

Muulize, au waulize waliomleta: alipoteza fahamu? alishindwa kuachia chombo kwa muda gani? umeme uliingia na kutoka wapi? alianguka? Njia ya mkono hadi mkono au mkono hadi mguu hupita kifuani. Pima ECG kwa kila aliyepitiwa na umeme, kama kifaa kipo. Mtu mzima aliyeguswa na umeme wa nyumbani, hakupoteza fahamu, hana jeraha la kuungua, si mjamzito, na ECG yake ni ya kawaida, aweza kurudi nyumbani akiwa ameelezwa dalili za kumrudisha. Aliyepoteza fahamu, mwenye ECG isiyo ya kawaida, maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio, au aliyeguswa na umeme mkubwa wa nguzo, abaki chini ya uangalizi wa mapigo ya moyo kwa saa 24. Kituo kisicho na ECG kisikae na mgonjwa wa namna hiyo kikisubiri. Mjamzito apimwe mapigo ya mtoto hata kama yeye mwenyewe anajisikia mzima.

Tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kahawa, misuli imevunjika na protini yake, mioglobini, inaingia kwenye figo. Karatasi ya kupimia mkojo itaonyesha damu, lakini hadubini haitaonyesha chembe nyekundu. Tofauti hiyo ndiyo utambuzi wenyewe, na unaweza kufanyika katika maabara ndogo kabisa. Anza maji ya Ringer Lactate mapema, weka mpira wa mkojo, na ulenge mkojo wa takriban mililita 100 kwa saa kwa mtu mzima hadi rangi isafike. Kwa mtoto lenga mililita 1 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa saa. Sindano ya diklofenaki, ambayo imekuwa jibu la kila maumivu katika vituo vyetu, isitumike hapa, kwa kuwa inaumiza figo ambazo tayari zimelemewa. Kama potasiamu haiwezi kupimwa, mawimbi marefu yenye ncha kwenye ECG yakushtue.

Mkono au mguu ukivimba, ukawa mgumu kama ubao, na maumivu yakazidi unapovinyoosha vidole vya mgonjwa, shinikizo ndani ya misuli linakata damu. Usingoje mapigo ya mkono yapotee, maana hiyo ni dalili ya kuchelewa. Mgonjwa huyu anahitaji kupasuliwa utando wa misuli ndani ya saa chache. Kutoka Matai, hesabu ya safari ianze hapo hapo: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Sumbawanga, na ya Kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 mbele yake. Piga simu kabla ya gari kuondoka, andika saa ya ajali kwenye barua ya rufaa, na mpe kinga ya pepopunda, kwa kuwa jeraha la bustanini ni jeraha la udongo na samadi.

Kagua pia mabega. Misuli ikikaza kwa umeme huweza kuchomoa bega kwenda nyuma, na jeraha hili hupita bila kuonekana mgonjwa anapotazamwa kwa mbele tu.

Uwanja wa zahanati

Tumezungumza habari za mkulima kana kwamba sisi tuko mbali. Lakini ni nani anayechimba mara kwa mara kuliko vituo vya afya? Shimo la kondo la nyuma, shimo la majivu la kichomea taka, mtaro wa maji, bustani ya mboga ya wodi ya wazazi, miti ya siku ya upandaji miti: vyote viko katika eneo dogo ambalo chini yake zimepita nyaya za jenereta, za sola, za nyumba ya mtumishi na za pampu. Sururu moja ikikata kebo, mashine ya kutengeneza oksijeni huzimika papo hapo, taa ya chumba cha kujifungulia huzimika, na friji ya chanjo, inayopaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, huanza kupanda joto bila kelele.

Tena nyaya za sola zina tabia yake. Jua halina swichi. Paneli hutoa umeme kwa muda wote zinapoangaziwa, na zilizounganishwa kwa mfululizo huweza kufikisha mamia ya volti za mkondo usiogeuka, ambao mwako wake hauzimiki kirahisi. Fundi wa kituo ndiye mwenye kuzigusa, si mlinzi wala kibarua.

Ninachopendekeza kwa mganga mfawidhi ni karatasi moja. Achore majengo ya kituo, mita, jenereta na tangi la maji, kisha amwite fundi aliyefunga umeme, kabla hajahama, amchoree nyaya zote zilizozikwa, na kina chake, kwa kalamu nyekundu. Vipimo vipigwe kutoka kwenye kona za kuta, kwa kuwa miti hukatwa na njia za miguu hubadilika. Nakala moja ibandikwe ukutani karibu na swichi kuu, nyingine ikae kwenye jalada la mali za kituo, na ya tatu akabidhiwe mwenyekiti wa kamati ya afya, ambaye ndiye huleta vibarua. Kibarua yeyote apelekwe mbele ya karatasi ile kabla ya kukabidhiwa sururu, aonyeshwe kwa kidole, na swichi ya waya ulio karibu izimwe na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwake yeye mchimbaji hadi amalize. Siku hiyo friji ya chanjo ipangiwe vipande vya barafu mapema, na mtumishi mmoja aandike joto lake kila saa.